Mandhari, wahusika na msuko wa hadithi fupi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na waandishi wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, walimu wa Kiswahili, na watu wazima wanaoandika usiku baada ya kazi, kuanzia Tunduma mpaka Ilula. Nimeyajibu kwa mifano ya huku kwetu kwa sababu hadithi nyingi nzuri za Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa bado hazijaandikwa, na matukio hatujayakosa. Tatizo ni kwamba shuleni tulizoea kuvitenga mandhari, wahusika na msuko (jinsi tukio moja linavyozaa jingine) viwe vichwa vitatu vya kujibia mtihani, na tunapokaa kuandika tunaviacha vimetengana vilevile.

Hadithi fupi inatakiwa iwe fupi kiasi gani?

Hakuna idadi ya maneno iliyokubaliwa na wote. Mmarekani Edgar Allan Poe aliandika mwaka 1842 kwamba kisa kifupi kisomwe kwa mkao mmoja, kati ya nusu saa na saa mbili hivi, na kila neno lake litumikie athari moja aliyoikusudia mwandishi. Mimi nakishika zaidi hicho kipengele cha pili. Ukishakubali kwamba unatafuta athari moja, utajua mwenyewe kwamba hakuna nafasi ya kusimulia maisha ya baba, ya mwana na ya mjukuu.

Nianze na kipi: mahali, mtu au tukio?

Anza na chochote kilichokujia, ila usianze kuandika mpaka vyote vitatu vimekutana. Wengi huja na tukio: ajali ya Mlima Kitonga, ugomvi wa mpaka wa shamba, harusi iliyovunjika asubuhi yake. Tukio peke yake ni habari. Jiulize limemwangukia nani, na mtu huyo alikuwa anataka nini saa ile. Kisha uliza swali ambalo wengi hawaliulizi: mahali hapa panamzuiaje asikipate kwa urahisi? Ukipata jibu la hapo, msuko umeshaanza bila wewe kuutafuta.

Tulifundishwa kwamba mandhari ni mahali na wakati. Haitoshi?

Kwa mtihani inatosha. Kwa kuandika, mandhari ni pamoja na kazi inayofanyika pale, bei ya siku ile, barabara inayopitika na isiyopitika, habari inavyosafiri, na nani anaruhusiwa kusema mbele ya nani. Mama anayeuza vitunguu soko la Mwanjelwa anaweza kumjibu mteja kwa ukali mbele za watu, na wenzake wakamuunga mkono. Mama huyohuyo jioni, akiwa kwa wakwe zake, anapima kila neno. Mtu hajabadilika. Kilichobadilika ni mandhari.

Mila ni sehemu ya mandhari, na mara nyingi ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote. Katika mila za zamani za Wanyakyusa, mke wa mwana hakutakiwa kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Hata njiani walikwepana. Sasa fikiria mke kijana wa miaka hiyo, mtoto wake amezidiwa na homa, wanaume wote wamekwenda msibani, na mtu mzima pekee aliyebaki pale nyumbani ni baba mkwe. Hapo hujahitaji jambazi wala ajali. Mila imemfungia mlango, mapenzi ya mama yanausukuma, na msomaji hawezi kuacha kusoma.

Naishi Mbeya. Nikiacha milima na ukungu, si nitakuwa nimeiacha Mbeya yenyewe?

Usiache. Ila uupe ukungu kazi ya kufanya. Hadithi nyingi za huku hufunguka kwa aya nzima ya Mlima Loleza uliojifunika mawingu, halafu kinachofuata ni mapenzi ya chuo ambayo yangeweza kutokea popote. Kipimo changu ni hiki: je, hadithi yako inaweza kuhamishiwa Tanga kwa kubadili majina ya mitaa tu? Kama inaweza, mandhari bado haijafanya kazi.

Takwimu nazo hazisaidii zikikaa peke yake. Kwamba Mlima Rungwe una mita 2,960 ni kweli, lakini msomaji haoni kitu. Mwonyeshe mtu anayeanika nguo Tukuyu siku ya tatu mfululizo na bado mbichi, na kesho ndiyo siku ya usaili. Mwonyeshe mkulima wa Njombe mwezi wa sita, anayeamka usiku na tochi kwenda kuangalia kama sakitu imeanza kushika majani ya viazi. Baridi sasa inamdai mtu kitu.

Lakini nitaielezaje sehemu bila kuichosha hadithi?

Iache ionekane kwa macho ya mhusika, na macho hayo yawe yamefunzwa na kazi yake. Chukua Mlima Kitonga, pale barabara kuu inapopanda kutoka upande wa Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula na Iringa. Dereva wa lori anausikia mlima kwa miguu na masikio: gia gani, breki zinanukaje, lililo mbele linataka kusimama au la. Utingo anaangalia mahali pa kurukia kuweka jiwe nyuma ya tairi. Mwanafunzi anayekwenda chuo kwa mara ya kwanza anaangalia bonde na kuhesabu ni wangapi ndani ya basi wamefumba macho. Mama mwenye matenga ya nyanya juu ya gari hayaoni mabonde kabisa. Anahesabu saa, kwa sababu foleni ikikaa mpaka jioni nyanya za chini zitakuwa zimeshapasuka.

Mlima ni mmoja, hadithi ni nne. Ukiandika Kitonga "kwa jumla", kama anavyouona mtu asiyekuwepo, utapata maneno mazuri na hakuna atakayeyakumbuka. Mchague mtu, na mlima utajichagulia maelezo.

Tafadhali tupe mfano mmoja kamili, tuone vitatu vinavyoshikana.

Mfano huu nimeubuni, lakini mambo yaliyomo yanafahamika kwa mkulima yeyote wa viazi.

Mama Atupele analima viazi kijiji cha juu ya Isongole, wilaya ya Rungwe. Ni katibu wa kikundi cha wakulima. Kwenye mkutano wa mwisho alisimama mbele ya wenzake akasema yeye hatafunga lumbesa tena, na akawataka nao waahidi. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Lumbesa ni ile ya kuliongezea kofia mpaka linavimba, mkulima analipwa gunia moja huku ametoa karibu moja na nusu. Wote waliahidi.

Sasa ni mwezi wa tatu. Viazi vimeshachimbwa, viko nje chini ya turubai. Binti yake amepangiwa shule ya bweni na anatakiwa kuripoti Jumatatu, godoro na sare havijanunuliwa. Mawingu yametanda. Fuso limefika moja tu.

"Shikamoo, mama," anasema dalali.

"Marahaba, baba. Karibu."

"Dereva anataka kushuka kabla mvua haijakamata ile kona ya mtoni. Tufunge kama kawaida, mama, au niende kwa jirani?"

Majirani wako kwenye vibaraza vyao, wanaangalia.

Hebu jaribu kuondoa kitu kimoja kimoja. Ihamishe nyumba yake ipakane na lami: atamwambia dalali aende, atangoja gari jingine, na hadithi imekwisha kabla ya kuanza. Mwondolee ahadi aliyoitoa mkutanoni: litakuwa ni biashara mbaya ya siku moja, nasi tutamhurumia kidogo tukaendelea na shughuli zetu. Mwondoe dalali, ubaki na mama, turubai na mawingu: utapata picha ya huzuni isiyokwenda popote. Vitu hivi vitatu havikupangwa kimoja baada ya kingine. Udongo wa ile barabara ndio unaompa dalali nguvu, ahadi ndiyo inayompa mama kitu cha kupoteza, na swali la dalali ndilo linalovilazimisha vyote viwili vionekane mchana kweupe.

Ningeimalizaje? Mama Atupele anaomba sindano ya gunia. Anashona mwenyewe, haachii vijana wa kupakia. Fuso linaondoka kwake likiwa nusu, linasimama nyumba ya pili, na sauti ya dalali inasikika juu ya ua: "Katibu ameshafunga." Ningekomea hapo. Kitendo chake kimegeuzwa fimbo ya kuwachapia wenzake, na hilo msomaji ataliona bila mimi kulieleza.

Ningefanya akatae, je?

Inawezekana, na inaweza kuwa hadithi nzuri. Ila kukataa kuwe na gharama. Usimletee mnunuzi mwema wa pili baada ya dakika kumi, mwenye mizani na bei nzuri. Msomaji wa huku anajua kwamba gari hilo halikuja.

Nimeandika ukurasa mzima wa historia ya mhusika wangu. Mwalimu anasema niukate. Kwa nini?

Kwa sababu historia hiyo ulikuwa unaihitaji wewe, ili umjue. Msomaji anamjua mtu kwa anachokifanya akibanwa. Kwenye mfano wa viazi, mkutano wa kikundi unaweza kuingia kwa sentensi mbili, tena katikati ya hadithi, wakati mama anatazama vibaraza vya majirani. Utoto wake hauhitajiki.

Vitu vitatu nahitaji kuvijua kabla sijaandika: anachokitaka leo, asichotaka watu wakijue, na mikono yake imezoea nini. Hicho cha tatu hudharauliwa sana. Mchuma chai wa Mufindi, aliyezoea kuchagua majani mawili na chipukizi, hata akiwa msibani vidole vyake vitakuwa vinachambua kitu. Fundi wa mbao wa Mafinga ataingia kwenye nyumba ya mchumba wake na kuangalia kwanza dari. Sifa kama "mpole", "mkali", "mwenye busara" ziache. Zinamwambia msomaji nini cha kuamini bila kumwonyesha sababu.

Lazima mhusika awe duara? Bapa ni kosa?

Si kosa. Duara ni mhusika mwenye pande nyingi anayeweza kutushangaza, bapa ni wa sifa moja tu. Mwingereza E. M. Forster, aliyetoa mgawanyo huo mwaka 1927, alikuwa akizungumzia riwaya, na hata yeye aliona wahusika bapa wana kazi yao. Katika hadithi fupi mtu mmoja akiwa duara inatosha. Dalali wetu anaweza kubaki bapa, mradi asiwe shetani. Ana dereva anayempigia kelele na mkopo wa kulipa. Mstari mmoja wa hilo unatosha kumfanya binadamu.

Niweke wahusika wangapi?

Wawili au watatu wenye kufanya maamuzi. Wengine wawe watu wanaoangalia, kama majirani wale.

Msuko na mfululizo wa matukio vinatofautianaje?

Kinachovitofautisha ni sababu. "Mvua ilinyesha, kisha lori likaondoka" ni mfululizo. "Mvua ilinyesha, dereva akaogopa kukwama, lori likaondoka na nusu ya mzigo" ni msuko, maana tukio la kwanza limezaa la pili. Chukua rasimu yako, pitia kila unapoweza kusoma "halafu", na uone kama unaweza kusoma "kwa hiyo" au "lakini" badala yake. Mahali ambapo "halafu" tu ndiyo inayokaa, uzi umekatika.

Na mchoro ule wa mwanzo, kupanda, kilele, kushuka na mwisho usikutie hofu. Mjerumani Gustav Freytag aliueleza mwaka 1863 kwa ajili ya tamthilia za kuigizwa jukwaani. Hadithi fupi mara nyingi huanza ikiwa imeshakaribia kileleni. Kama Mama Atupele ataanza kupanda mbegu kwenye ukurasa wa kwanza, atafika kwenye mavuno sisi tumeshalala.

Muundo wa msago au wa rejea?

Msago, yaani kusimulia moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kurudi nyuma kama rejea, isipokuwa kama jambo la nyuma linabadilisha maana ya linalotokea sasa. Rejea nyingi ninazozisoma zimewekwa kwa sababu mwandishi aliogopa mwanzo wake haukuvutia.

Nitumie mahali halisi au nibuni kijiji?

Vyote vinafaa. Kijiji cha kubuni kinakupa uhuru, na kinawalinda majirani zako wasijione kwenye karatasi. Lakini ukitaja mahali halisi, patii. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kwa hiyo mhusika wako hawezi kuipanda mwaka 1965. Inapita Mlimba, Makambako na Mbeya kuelekea Tunduma na Zambia. Haifiki Iringa mjini, hata kama kituo cha reli pale kingeifaa sana hadithi yako ya kuagana. Ulanzi, pombe ya mianzi, hugemwa majira ya mvua, kwa hiyo usiwaweke wazee wa Iringa wakinywa ulanzi mbichi mwezi wa nane. Fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na lipo kwenye makumbusho ya Kalenga. Babu anayempeleka mjukuu kulitazama mwaka 1940 ameivunja hadithi yote.

Msomaji akikukamata kwenye kosa moja la namna hiyo, hatakuamini tena hata pale unapomwambia mhusika wako analia.

Mazungumzo yangu yana Kinyakyusa na Kihehe. Niyaache?

Yaache pale ambapo mtu mwenyewe angeyasema, na pale ambapo msomaji wa Mtwara ataelewa kutokana na kinachotendeka. Mzee akifika uani Kalenga akasema "Kamwene", na wote wakaacha kazi wakamjibu, haihitaji maelezo. Ila mgogoro mzima usiufiche ndani ya sentensi tano za Kihehe. Kubadili lugha pia ni kitendo: watu wawili wanaozungumza Kiswahili na dalali, kisha mmoja akageukia Kinyakyusa kumwambia mwenzake jambo, wameshamtoa dalali nje bila kumfukuza.

Salamu zina nguvu hiyohiyo. Kijana asiyetoa shikamoo, au mzee anayechelewa kuitika marahaba, amesema mengi kuliko aya ya hasira.

Simu hazijaharibu misuko? Kila tatizo mtu anapiga tu.

Zimeharibu misuko mivivu. Huku kuna mabonde ambayo mtandao unapatikana kwenye kichuguu kimoja, na kila anayepiga pale anasikiwa na waliopanga foleni nyuma yake. Pesa inaweza kutumwa kwa namba isiyo yenyewe. Ujumbe unaweza kusomwa na mtoto kwa sababu bibi haoni vizuri. Hizo ni hadithi za sasa, na waandishi wa zamani hawakuwa nazo.

Hadithi lazima iishie na funzo?

Hapa nina msimamo mkali. Ngano za bibi zilikuwa na funzo mwishoni kwa sababu bibi alikuwapo: aliwajua watoto waliomzunguka, alijua nani kaiba sukari, na funzo lilikuwa linamwendea huyo. Mwandishi hamjui msomaji wake. Ukimwandikia "hivyo basi tuepuke tamaa", unamfundisha mtu ambaye pengine tamaa haimsumbui, na unamnyang'anya nafasi ya kuona mwenyewe. Dhamira ipo ndani ya uamuzi wa mhusika na gharama yake. Katika mfano wetu, mtu mmoja ataona udhaifu wa kikundi, mwingine ataona ukatili wa barabara mbovu, mwingine ataona mama aliyempeleka mwanawe shule. Wote watatu wamesoma sawasawa.

Kama mtihani unakutaka uandike funzo, liandike. Kisha tunza nakala nyingine isiyo nalo.

Nimemaliza rasimu. Nifanye nini kwanza?

Msomee kwa sauti mtu anayeifahamu sehemu hiyo na kazi hiyo. Kama ni hadithi ya lori, mtafute utingo. Atakwambia lori halipiti pale masika, au hakuna dereva anayesema hivyo. Mpe siku mbili, kisha mwombe akusimulie hadithi yako bila karatasi. Usimsahihishe. Anaporuka kitu, weka alama. Huenda hakina kazi. Anapoanza kubishana na mhusika, "mimi nisingeshona lile gunia", usiguse hata neno moja hapo. Mwisho rudi kwenye ukurasa wa kwanza, tafuta sentensi ya kwanza ambayo ndani yake mtu anataka kitu, ujaribu kuanzia hapo, na yaliyotangulia uyahamishie kwenye karatasi ya pembeni kwa wiki moja kabla hujaamua kuyafuta.